Malalamiko Kuhusu Breki Zangu, Ambazo Hazina Tatizo Lolote

Kwa Mkuu wa Kituo cha Ukaguzi wa Magari,
Bonde la Gureum.

Ndugu Mkuu,

YAH: SHANGINGI LANGU KUNYIMWA MUHURI

Natumaini u mzima, na mashine zako za kuwaumbulia wazee ni nzima pia. Mimi ni Pyo Gil-su, mkulima wa kabichi wa kijiji cha Baramgol, mwenye lile shangingi la kijani la miaka ishirini na mmoja ambalo juzi mlilikatalia muhuri. Siandiki kwa hasira. Hasira niliimalizia njiani kurudi, kwenye kona zote kumi na saba, maana kupanda mlima hakuhitaji breki.

Muhuri nautaka kabla ya Alhamisi. Siku hiyo binti yangu Hye-rin anashuka stesheni kutoka Seoul, aje tule sikukuu ya mavuno, Chuseok, pamoja, na amembeba mjukuu wangu wa kwanza, wa miezi saba, ambaye sijawahi kumwona ila kwenye simu. Mke wangu ameapa kwamba bila muhuri hakuna mtoto atakayepanda gari lile. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi wenu, Bwana Ma, alilinyanyua gari langu juu, akashika gurudumu la mbele kwa mikono miwili, akalitikisa. Likagonga, kwa! kwa! kwa! Akasema, "Mzee, huku mbele kumekwisha. Tairodi zinacheza, bushi hakuna, na hili gurudumu linangoja tu mwagane." Mimi nina miaka sabini na moja. Goti langu likitikiswa hulia vilevile, na hakuna aliyewahi kunikataza kulima.

2. Ameandika kwamba gari huvuta kushoto likifungwa breki. Ni kweli. Kulia kuna korongo, kushoto kuna mlima. Ulitaka livute wapi? Najua nchi hii tunaendesha kulia, na upande huo wa kushoto ni wa wanaopanda, lakini wanaopanda wana breki.

3. Ameandika pia kwamba pedi zimelika hadi chuma kinasaga chuma. Sasa nifunge breki kwa tofu laini ya soya? Breki zinashika. Nikikanyaga penye nyumba ya Bibi So, gari husimama penye kituo cha basi bila kukosa, isipokuwa siku za mvua. Kijiji kizima kimezoea. Mwenyekiti wetu akiniona nachungulia kileleni hutangaza kwenye kipaza sauti cha kijiji: "Jamani eee, Mzee Pyo anashuka! Mlioanika pilipili barabarani, anueni! Bibi So, mfunge mbwa wako!" Niambie, ni gari gani jingine wilayani linalopewa heshima hiyo? Hata gavana hupita kimya.

4. Hili ndilo lililonikata maini. Bwana Ma alifungua boneti akamtoa samaki wangu. Wewe ni mtu wa huku, sina haja ya kukufundisha: gari likinunuliwa hufanyiwa tambiko, kichwa cha nguruwe mbele yake, pombe ya mchele kwenye magurudumu yote manne, na samaki mkavu aliyezungushiwa uzi mweupe hukaa ndani alinde safari. Mwaka huu, theluji ilipoyeyuka na breki zikaanza kupiga kelele, mke wangu alisema, "Baba Hye-rin, peleka gari kwa fundi, utatuua." Mimi nikaona heri nianzie kwenye mzizi wa tatizo. Nikarudia tambiko lote. Kichwa kizima, si nusu! Nikaliinamia gari mara tatu, na gurudumu la mbele kushoto nikaliongezea pombe, maana ndilo lenye manung'uniko zaidi. Tangu siku hiyo sijagonga kitu chochote cha maana. Halafu Bwana Ma anaandika kwenye fomu ya serikali, sehemu ya kasoro nyinginezo: "Samaki mmoja, juu ya betri." Kasoro! Kitu pekee mle ndani kinachofanya kazi yake!

5. Kwa kuwa gari halina kosa, kosa ni la mlima. Naomba ofisi yako iwaandikie watu wa barabara wapunguze mteremko wa mwisho, na pale chini wajenge kilima kidogo cha kupanda, ili sisi wenye magari ya umri mkubwa tuwe tunasimama kistaarabu. Ikishindikana, stesheni ihamishiwe huku juu. Alhamisi bado haijafika, muda mnao.

Wasalimie wakaguzi wote, pamoja na mlinzi wa geti aliyeniwahi na jiwe la kuzuia gurudumu. Msalimie hata Bwana Ma. Mwambie kabichi zake nimemwekea, kwani ugomvi wetu ni wa gari, tumbo halimo.

Wako katika kupanda na kushuka,

Pyo Gil-su,
Baramgol.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Hye-rin amepiga simu. Ameniuliza, "Baba, lile gari bado zima? Niambie ukweli, nakuja na mtoto." Nilishafungua mdomo niseme zima kabisa, mara nikamsikia yule mtoto anacheka, pale pale karibu na simu. Ulimi ukanikatalia. Nimewaambia wapande basi, nitawapokea kwa miguu. Ndugu Mkuu, muhuri usigonge. Hata nikija mwenyewe kukubembeleza, nakuomba, usigonge.