Malalamiko Rasmi Dhidi ya Gari Lisilo na Klachi

Kwa Fundi Mkuu,
Gereji ya nyuma ya kinu cha unga.
(Kwa mkono)

Mpendwa Shemeji,

KUHUSU: OMBI LA KULIONDOA NYUMBANI KWANGU GARI LA OTOMATIKI NA KUNIPATIA LENYE GIA ZA MKONO

Pokea salamu zangu, na kama mikono yako ina grisi usijali, salamu hazichafuki. Najua utashangaa kuandikiwa barua na mtu uliyekula naye meza moja Jumapili, tena akacheka. Shemeji, nilicheka kwa heshima ya chakula. Kuna mambo hayasemeki mbele ya dada yako. Na mimi, kama ujuavyo, ni karani wa masjala: jambo ambalo halijaandikwa, kwangu bado halijatokea.

Nikukumbushe lilivyoanza. Gari letu la zamani lilipokata roho kwenye mwinuko wa mahakamani, ukaja ukalifunga boneti taratibu kama anayemfunika marehemu uso, mimi na dada yako tulikubaliana kununua gari dogo. Udogo haukuleta ugomvi. Ugomvi ulikuwa gia. Mimi nilitaka gia za mkono, maana ndizo nilizozizoea tangu ujana, na gari lisilo na klachi naliona kama shati lisilo na kola: linavalika, lakini si la kwendea kazini. Dada yako, mshonaji wa mapazia anayepeleka mzigo kwa wateja mwenyewe, alitaka otomatiki ili naye aweze kuendesha. Nikamwambia hata hizo za mkono ataziweza tu, mwalimu si nipo? Akasema basi tukuite wewe uamue.

Nilikubali kwa moyo mkunjufu. Nilijiambia huyu ni mwanamume, tena ni fundi. Ukaja, ukanywa chai, ukatutazama mmoja mmoja, ukasema, "Shemeji, gari ni la kufika. Nunueni ambalo wote wawili mtafika nalo." Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba damu ni nzito kuliko maji.

Sasa tumekaa na gari hilo muda wa kutosha, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Mguu wangu wa kushoto hauna kazi. Maisha yake yote umekanyaga klachi bila kuchelewa wala kuomba likizo. Leo umekaa pale chini kama mgeni aliyefika kabla wenyeji hawajaamka. Na mguu usio na kazi hujitafutia. Siku ya kwanza kabisa nilikuwa nampeleka Mama hospitali akapimwe macho. Tulipofika makutano ya sokoni, mguu ukaona hapa ndipo pa kukanyaga klachi, ukashuka kwa nguvu zake zote. Ulichokanyaga ni breki. Gari likasimama kana kwamba limegonga ukuta. Mama, ambaye alikuwa kiti cha nyuma na mkanda alikuwa ameukataa kwa hiari yake, alikuja mbele mpaka tukawa tunatazamana. Hakuumia, tunashukuru, ni miwani tu iliyopata ufa. Alinitazama kwa utulivu akasema, "Mwanangu, kama hukutaka nifike, ungeniambia tukiwa nyumbani." Tangu siku hiyo hapandi gari nikiwa mimi kwenye usukani. Anamngoja mkwewe.

2. Mkwewe huyo, yaani dada yako, amekuwa dereva. Unajua kwamba nilikuwa namfundisha mwenyewe kwa gari la zamani, kila Jumapili asubuhi, kwenye uwanja wa nyuma ya bohari. Nilimfundisha kwa subira. Sauti yangu sikuwahi kuipandisha zaidi ya kiasi kinachotosha mtu aliyeketi karibu nawe akusikie, vioo vikiwa vimefungwa na mwenyewe akiwa analia. Nilimwambia achia klachi taratibu. Akaachia, gari likaruka kama chura, likazima. Nikamweleza tena, kwa maneno yaleyale, ila kwa uwazi zaidi. Mwishowe akaniambia, "Ukinifundisha gari unakuwa mtu nisiyemjua." Nilifurahi, maana si kila mke wa siku nyingi anayegundua jambo jipya kwa mumewe. Lakini baada ya hapo kila Jumapili akawa na mapazia ya haraka.

Lilipoingia hili gari lako, akaenda kujifunza kwa mwalimu wa kukodi, mama mmoja ambaye nasikia huzungumza kwa upole usioendana kabisa na kazi hiyo, na akafaulu mtihani mara ya kwanza. Leseni nimeonyeshwa. Hata picha imetoka vizuri, jambo ambalo nalo linatia shaka.

3. Heshima yangu mtaani imeshuka. Kwa kuwa yeye ndiye anayeendesha siku ya kupeleka mapazia, na vyuma vya kutundikia ni virefu kuliko gari lenyewe, mimi hukaa kiti cha abiria nimevikumbatia vyuma, ncha zikiwa nje ya dirisha, nikiwaonya wapita njia wachunge vichwa vyao. Kinyozi wa kona, mtu niliyemkabidhi kichwa changu tangu kikiwa na nywele, ameanza kuniita Utingo. Jina limenishika. Juzi ofisini mkubwa wangu wa kazi alikuwa anatafuta jalada, nikamsikia mlangoni akisema, "Hebu muulizeni Utingo." Jalada nilimpelekea. Lakini nililipeleka polepole.

4. Hayo matatu ningeyameza. Hili la nne ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Gari la gia za mkono lina faida moja ambayo ninyi mafundi hamwitaji popote: linampa mwanamume shughuli. Mke akiuliza swali zito, unashuka gia ya pili. Akilirudia, unapanda ya tatu. Ukifika ya nne, mmeshafika nyumbani. Mimi na dada yako tumelea watoto na kuoza binti mmoja kwa utaratibu huo, na hakuna aliyewahi kutusikia tukigombana. Lakini otomatiki, Shemeji, unaweka kwenye D, basi. Hakuna pa kujificha.

Jumatano iliyopita usukani ulikuwa wangu, kwa kuwa hatukuwa na vyuma: nilikuwa nampeleka kwenye zahanati mpya iliyoagiza mapazia, akapime madirisha na kuonyesha vitambaa, tukanasa kwenye foleni ya darajani. Kimya. Gari lenyewe hata kunguruma halingurumi. Dada yako akaniuliza kwa nini siku hizi nachelewa kurudi kutoka kazini. Nikatafuta klachi. Nikatafuta gia. Mkono ukapapasa pale katikati, ukakuta kile kijiti kimetulia kwenye D kama nilivyokiacha. Ikabidi nijibu.

Nilimwambia ukweli, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kufanya. Nilimwambia kwamba tangu kitindamimba wetu aende chuo, sipendi kupita mlangoni pa chumba chake na kuona kitanda kimetandikwa vile na hakuna wa kukivuruga. Kwa hiyo nabaki masjala, nawasha taa, napanga upya majalada ambayo yamekwishapangwa. Nikishahisi kwamba Mama na dada yako wamemaliza kula, ndipo narudi.

Foleni ikasogea kidogo, ikasimama. Kisha dada yako akasema kwamba hata yeye, cherehani hakuihamishia sebuleni kwa sababu ya mwanga kama alivyoniambia. Chumba cha kushonea kimepakana na kile cha mtoto. Zamani alikuwa anashona huku akimsikia ng'ambo ya ukuta akikariri masomo, akiimba ovyo, akiangusha vitu. Sasa ukuta umekuwa kimya mno.

Nikamuuliza mbona hakuwahi kuniambia.

"Nilijaribu," akasema. "Kila nikianza, ulikuwa unabadilisha gia."

Sasa, Shemeji, nakuuliza kama mtu mzima mwenzangu: hayo ni mazungumzo ya kufanywa mchana kweupe, barabarani, na lori la mchanga likipiga honi nyuma yenu?

5. Mkono wangu wa kushoto ulikamatwa. Hili nalitenga na la nne kwa sababu ni kosa la aina yake. Mkono huo, baada ya kukosa gia, ulikuwa umebaki pale katikati bila ulinzi. Dada yako akauchukua, akauweka juu ya vitambaa alivyokuwa amevipakata, akaushika. Sisi ni watu wenye mkwe. Mwuza magazeti aliyekuwa anapita katikati ya magari aliinama dirishani kwetu, akaona, akageuza uso kwa adabu, akaenda kulisumbua lori. Gari la gia za mkono lisingeruhusu jambo hilo hata kidogo, kwa maana dereva hawezi kuacha gia. Mkono nilirudishiwa mwisho wa daraja. Naomba iandikwe kwamba sikuomba, na kwamba sikuweza kuuvuta kwa sababu za kiusalama.

6. Mambo yameenea. Dada yako siku hizi ananipitia ofisini jioni, ati kwa kuwa ni njia yake. Si njia yake. Mimi naijua ramani ya mji huu. Matokeo yake majalada yamekaa kama yalivyo na hakuna anayeyapanga upya. Tukiwa njiani ananiambia kwamba kutunga uzi kwenye sindano kunaanza kumshinda na alikuwa anaogopa kunionyesha. Nami najikuta namwambia kwamba naogopa kustaafu, kwamba sijui mtu asiye na masjala huamka asubuhi akaelekea wapi. Akasema nitashika vyuma vya mapazia, siku zote za wiki. Alikuwa anatania, lakini sikuchukia, na hilo ndilo linalonitisha. Tumefikia hatua ya kuongea hata tukiwa tumeshafika. Gari limezimwa, liko mlangoni, sisi tumo ndani kama wezi wanaogawana, na Mama anachungulia dirishani asielewe kama aje atufungulie au aite watu. Jana chakula kilipoa. Kwa mwendo huu, Shemeji, tutayamaliza yote tuliyo nayo, na sijui wakishayamaliza watu huwa wanaishije.

Kwa hayo yote, naomba kwa unyenyekevu ufanye moja kati ya haya. Unifungie pedali ya klachi, hata kama haitaunganishwa na chochote, mradi mguu uwe na pa kukanyaga. Hilo likikushinda, unichomelee kijiti cha gia cha bandia, chenye kelele kiasi. Kama nalo halifanyiki, basi uwaombe wanaohusika na barabara wawatengee wenye otomatiki barabara yao isiyo na foleni hata moja, kwani foleni ndiyo chanzo cha yote, na ni wazi kwamba ndoa nyingi za mji huu zimo hatarini bila wenyewe kujua.

Na kama yote hayo ni mazito kwako, basi umalize jambo kwa njia fupi. Uliniambia kwamba yule bwana wa duka la viatu, mwenye gari dogo kama letu ila la gia za mkono, anatafuta wa kubadilishana naye kwa sababu goti linamsumbua. Mwambie nimekubali. Nitalileta letu Jumamosi asubuhi, kabla dada yako hajaamka. Wewe kazi yako ni kumweleza, kama kaka mkubwa, kwamba ni ushauri wa kitaalamu. Ataanza upya masomo yake ya Jumapili pale uwanjani, nami naahidi kufundisha kwa sauti ya chini, au angalau kufungua vioo.

Nisalimie mkeo, wanao wote kwa ukubwa wao, na wasaidizi wako wa gereji, pamoja na yule ambaye sijawahi kumwona uso kwa kuwa kila nikija ninakuta miguu yake tu chini ya gari. Mama naye anawasalimu. Hajui kama naandika, lakini angejua angewasalimu.

Nabaki kuwa wako mtiifu, niliyeumizwa bila kuvunjika,

Shemeji yako,
Karani wa Masjala.

Nakala: Mama (asomewe na mtu yeyote asiyekuwa mkwewe).

Tanbihi: Nilipoomba ufunguo niilete barua hii, dada yako aliuliza ni barua ya nini. Nikasema ya kiofisi. Ameshavaa viatu, anasema tutakwenda wote, na yuko mlangoni anangoja nifunge bahasha. Kuja kwako kuna njia mbili, na ile ya kinuni saa hizi ni nyeupe kabisa. Nimemwambia tutapita darajani. Akasema darajani kuna foleni. Nikasema najua. Basi usitutazamie mapema. Na kuhusu yule bwana wa duka la viatu: akija tena, mwambie gari letu lina kasoro kubwa sana. Akibisha, msomee barua hii kuanzia namba moja mpaka sita, taratibu, usiruke hata neno. Asipoondoka hapo, mrudilie ya nne.