Sheria ya Saba ya Profesa

Abdulatif, ambaye Kariakoo nzima ilimwita Profesa ingawa shule aliiacha kidato cha pili, alikuwa anakunywa kahawa Mtaa wa Aggrey alipoona watu wazima tisa wamelizunguka tangazo moja kwa nyuso za msibani. Walikuwa wauza simu wanaosomea cheti cha biashara jioni, na chuo chao kilikuwa kimewatangazia kuwa mtihani wa Jumamosi utafanyika mtandaoni.

Sheria zilikuwa sita. Ingia nusu saa kabla. Uwe na kitambulisho. Intaneti iwe ya uhakika. Kamera iwake muda wote. Chumba kiwe kimya na mlango ufungwe. Usiongee wala usinyanyuke kitini kwa saa tatu. Ukinyanyuka, mtihani umefutwa. Chini kulikuwa na ushauri: laleni mapema, kunyweni maji, msiwe na hofu. Ushauri wa namna hiyo haujapata kumtoa mtu hofu tangu mitihani ianze.

Profesa alisoma mara mbili. Wao waliona masharti. Yeye aliona watu tisa ambao kwa saa tatu hawawezi kusimama wala kupiga kelele. Katika miaka yote ya kazi yake hakuwahi kupata wateja wenye nidhamu kiasi hicho, na moyo ulimdunda kwa furaha.

"Poleni jamani," alisema. "Huko nyumbani kwenu kuna kimya?"

"Kimya kitoke wapi?" alijibu Huda, binti mdogo kuliko wote. "Kwetu chini wanauza spika."

"Basi mmepata mtu. Mimi ni msimamizi wa mitihani ya mtandaoni. Chumba ninacho Mtaa wa Narung'ombe, ghorofa ya tatu. Kompyuta tisa, intaneti ya uhakika. Elfu ishirini tu kila mmoja."

"Umesimamia wapi?" aliuliza Waridi, mama wa makamo mwenye duka lake mwenyewe.

"Dada yangu, ukienda hospitali unamuuliza daktari amempasua nani?"

"Namuuliza."

Lakini wenzake walishafungua pochi, naye Waridi akatoa yake.

Jioni hiyo Profesa alizichapa upya sheria kwa herufi nzito na kuongeza ya saba, iliyotoka kichwani mwake mwenyewe: simu zote zizimwe, zitiwe kwenye bahasha, zifungwe kwa gundi na kukabidhiwa kwa msimamizi. Aliwagawia wote tisa nakala. Sheria hiyo ya saba aliipenda kuliko zote. Wauza simu hawatembei na vitochi, zile simu ndogo za bei chee. Kompyuta alizikodi kwa Ghassan, mkodishaji wa mtaani, na hakuwa na nia ya kuziiba; mwizi wa kompyuta anahitaji mgongo, na Profesa alikuwa mtu wa maneno.

Jumamosi, robo saa kabla ya mtihani, bahasha tisa nzito, kila moja na jina la mwenyewe, zilikuwa ndani ya mfuko wake. Ghafla taa ya kifaa cha intaneti ikazimika.

"Msimamizi, mtandao umekata," alisema Waridi, aliyekaa karibu na ukuta.

Jasho lilimtoka Profesa. Mtandao ukikosekana, watanyanyuka. Wakinyanyuka, watadai simu. Alikuwa na simu yake mwenyewe mfukoni, ya bei mbaya, yenye namba za wote aliowahi kuwaingiza mjini na wengine waliokuwa bado kwenye foleni. Bila simu ile yeye ni mtu tu aliyevaa tai. Akapiga hesabu: moja kwa tisa. Akawasha intaneti ya simu yake, akawaunganisha wote, akailaza juu ya meza ya Waridi.

Saa tatu kamili mtihani ulifunguka. Vichwa tisa viliinama. Profesa alitoka kwa kunyata, kama msimamizi wa kweli.

Buguruni alimkuta Bryson, mnunuzi wa simu maarufu kwa kutouliza maswali. Bryson alichana bahasha ya kwanza, akagonga kioo kwa ukucha, akacheka.

"Kaka, hili ganda."

"Ganda gani?"

"La kupanga kwenye kabati la duka. Ndani hamna kitu. We si umekulia Kariakoo?"

Amekulia. Maisha yake yote amepita mbele ya makabati yale, simu za kweli zikiwa zimefungiwa chini na maganda yakiwa yamepangwa juu. Wakachana bahasha zote. Maganda tisa, tena yamezimwa kama sheria ilivyotaka.

"Niachie moja nipambe kabati langu," alisema Bryson. Profesa alizoa yaliyobaki pamoja na bahasha, akadandia bodaboda kurudi Narung'ombe kuifuata simu yake.

Mlango aliukuta umefungwa kwa ndani. Nje zilibandikwa sheria zake mwenyewe, ile ya kimya imepigiwa mstari. Aliinua ngumi agonge, kisha akasikia sauti za wapagazi chini kwenye ngazi. Akipiga kelele, watakuja. Watauliza kaibiwa nini, na yeye atajibu akiwa amebeba bahasha zenye majina ya watu tisa. Kariakoo maelezo ya namna hiyo husikilizwa baada ya kipigo. Akakaa kwenye ngazi. Hakuongea, hakunyanyuka. Aibu ilimuunguza hadi masikioni.

Saa sita mlango ulifunguliwa.

"Msimamizi wetu!" alisema Waridi. "Mtihani umekwenda vizuri sana."

"Dada, naomba simu yangu."

"Rudisha kwanza elfu ishirini za watu."

Akazirudisha, moja moja.

"Mlijuaje?"

"Chuo kilitoa sheria sita. Nilizisoma."

"Na intaneti?"

"Swichi ilikuwa hapa, karibu na goti langu."

Alipewa simu yake, ya moto, bando limekwisha. Alishashuka ngazi mbili Waridi alipomwita.

"Na maganda yetu, Profesa. Jumatatu tunapanga duka."

Akatoa mfuko. Waridi akahesabu. "Nane. Moja iko wapi?"

"Ile yangu!" alisema Huda. "Bosi atanikata mshahara."

Waridi alinyoosha mkono tena bila kugomba, na Profesa, akitazama pembeni, akaiweka simu yake kiganjani mwake iwe dhamana.

Akarudi Buguruni kulifuata ganda. Lilikuwa limeshapangwa kabatini, limefutwa vumbi. Na Bryson, asiyeuliza maswali, safari hii aliuliza moja.

"Unalitaka kwa bei gani?"