Mabara ya Kitambaa cha Kijivu

Jumatatu, 4 Agosti
Mwalimu wa jiografia katangaza: mwanafunzi mmoja tu atatuwakilisha kwenye maonyesho ya sayansi. Mmoja! Kamusi, jirani yangu wa dawati anayejua kila kitu, tayari ana volkano inayofuka moshi. Mimi nina wazo kubwa zaidi: dunia ambayo mabara hayakuachana kamwe. Shangazi aliye ng'ambo tungemfikia kwa basi! Nitaweka ramani mezani ijieleze yenyewe. Mbele za watu ulimi wangu huganda.

Jumanne, 5 Agosti
Baba ni fundi cherehani. Nimekuta mezani kwake mabaki ya kitambaa cha kijivu, mazuri ajabu. Kipande kimoja kirefu, ukikipunguza kidogo, ni Amerika ya Kusini kabisa! Nimeyaunganisha mabara yote kwa mishono miwili miwili. Hayaachani ng'o.

Jumatano, 6 Agosti
Kumbe si mabaki. Ni suruali ya mkuu wa shule, iliyokwisha kukatwa, ikingoja kushonwa. Baba anawashuku panya. Dada kaniuliza huyo panya yuko kidato cha ngapi. Nimeisukuma ramani chini ya kitanda. Kuficha nako ni mkakati.

Ijumaa, 8 Agosti
Leo kazi zetu zimekaguliwa ili achaguliwe mmoja, na mkaguzi alikuwa mkuu wa shule mwenyewe! Akaipapasa Afrika taratibu. Akauliza kitambaa nimekitoa wapi, mbona kama anakijua. Nikaona heri nijibu swali jingine. Nikasema katikati ya bara kubwa hivyo mvua isingefika, pangekuwa jangwa tupu. Nikasema simba angeweza kumfukuza kangaruu. Nikasema hakuna ambaye angeitwa mtu wa ng'ambo. Dakika kumi, bila kukohoa! Kamusi akanong'ona kuwa kumbe bubu kameza redio. Volkano yake ikazimika.

Nimechaguliwa! Mkuu akaongeza kuwa nimsalimie baba, na suruali anaitaka Jumatatu.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeungama. Baba kafoka, kisha kacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Adhabu: kushona vifungo mwezi mzima, kulipia kitambaa kipya cha suruali ya mkuu. Akasema, mwanangu, kabla ya kushika mkasi, uliza kwanza. Nimeapa. Somo limeniingia hadi mifupani.

Ila ramani bila bahari haijakamilika. Pazia la sebuleni ni la bluu, bluu ya kina kirefu kabisa, na mama harudi mpaka saa kumi.