Beberu wa Protini za Dhiki

Televisheni ya kibanda cha kahawa pale Malindi mjini ilikuwa inamwonyesha mtaalamu mwenye miwani, na wanywaji wote walikuwa kimya. Mtaalamu alisema kwamba seli ya mwili ikipatwa na dhiki, kama joto kali au kukosa hewa, hutengeneza protini za kuilinda, mfano wa askari wanaoshikilia nyumba isibomoke. Sasa seli za saratani ni mafundi wa kuwatumia askari hao. Hujificha nyuma yao zikastawi. Ndiyo maana watafiti wakawa wanatafuta dawa za kuwaondoa, ingawa kazi bado ni ya majaribio.

Watu wakasema, Mungu awasaidie. Katika maneno yote yale, mnywaji mmoja, Jaha, alishika moja tu: dhiki. Ala! Dhiki Malindi imejaa tele, na hakuna hata mmoja anayeiuza?

Jaha alikuwa mtu wa kalamu tatu kifuani na shati lililopigwa pasi mbele tu, kwa sababu nyuma nani anaangalia. Na siku hizo alikuwa na haraka. Mzee Katana wa Sabaki, baba yake Kanze, alikuwa amemwambia, "Ijumaa uje na kazi inayoonekana. Ulimi si kazi. Ukija mtupu, posa nimeifunga." Jaha hakuwa na kazi. Alikuwa na beberu mmoja tu. Lakini kule mtaa wa Shella, Bi Widad alikuwa na tuktuk imelala uani tangu dereva wake atoroke, na Bi Widad ni yule mama ambaye dukani huomba apunguziwe bei ya chumvi, kisha akaomba apunguziwe na ya mfuko.

"Shikamoo, Bi Widad."

"Marahaba. Huyo mbuzi mbona kavaa tai?"

"Huyu si mbuzi, mama. Huyu ni kiwanda," Jaha akasema, sauti kaishusha kama mtu aliye msibani. "Ana dhiki, na dhiki ndiyo inayotoa protini. Watafiti wa saratani wanazitafuta kwa udi na uvumba. Wakija hapa, mwenye mbuzi ndiye tajiri. Mimi sina pa kumweka. Nipe tuktuk ile iliyolala, uchukue kiwanda."

Macho ya Bi Widad yakang'aa. Jaha akayaona, akamsogeza beberu mbele.

"Lakini mbona anacheua kama mstaafu?" Bi Widad akauliza. "Hiyo dhiki iko wapi?"

"Iko ndani, mama."

"Basi tuitoe nje. Kabibi! Waite wenzio, mje na vugo!"

Yeyote aliyewahi kuhudhuria harusi Shella anajua vugo ni nini: akina mama wanagonga pembe za nyati kwa vijiti na kuimba vijembe, mpaka aliyekusudiwa atamani kuwa jiwe. Wakaja, wakamzunguka beberu. Bi Kabibi akamtukania ndevu, akamtukania miguu, akamtukania mama yake. Beberu akamtazama, akaanza kutafuna leso yake.

"Hana aibu huyu," Bi Kabibi akasema, akaivuta leso. Kisha akageuka pole pole.

*Kalamu tatu mfukoni, wino hamna hata tone,*
*Akipita uchochoroni, hujificha wasimwone!*

Pembe zikalia. Jaha akacheka kidogo, kiungwana.

*Kaenda posa Sabaki, mikono haina kitu,*
*Ulimi haupikiki, wamekwisha jua watu!*

Jaha hakucheka tena. Jasho likamtoka kwenye paji, likashuka mpaka kidevuni. Bi Widad akamfuta kwa ncha ya leso, akaiinua juu wote waone.

"Jamani, protini hizi hapa! Mbuzi wa nini? Mgodi ni huyu!"

"Mimi, mama?"

"Wewe. Tuktuk chukua."

Jaha akazirukia funguo.

"Lakini utaiendesha wewe, asubuhi mpaka magharibi. Jua, mashimo, askari wa barabarani, abiria wakigombania nauli. Utapata dhiki ya kutosha. Jioni nauli uniletee mimi. Protini kaa nazo wewe mpaka watafiti waje."

"Na kiwanda changu?"

"Si tumebadilishana? Kabibi, mchele uko tayari?"

"Uko. Na akitoroka," Bi Kabibi akasema, akipangusa pembe yake, "kuanzia hapa mpaka Sabaki hakuna harusi ambayo hatutamwimba. Beti tumebakiza nyingi."

Jaha akapiga hesabu ya miji aliyowahi kuhama usiku. Hakuna hata mmoja ambao vugo haiwezi kuufikia. Wimbo ukishika, watoto wataurithi.

Bi Widad akamsogeza kando, sauti sasa haina mzaha. "Dada yangu anatibiwa saratani, mwanangu. Niliketi na daktari wake nikamuuliza yote. Dhiki ya seli si hii ya kutukanwa. Na dawa zenyewe bado zinajaribiwa. Ungemuuzia yeye mbuzi wako?"

Jaha akaangalia viatu.

"Jumatatu utampeleka kliniki. Bure."

Jioni ile ile Jaha alikula pilau ya beberu wake, na sufuria akaosha yeye.

Ijumaa akaingia Sabaki na tuktuk inang'aa. "Mzee wangu, hii unayoiona ni—"

"Ni ya Bi Widad," Mzee Katana akasema. "Alishapiga simu."

Mzee akaizunguka tuktuk, akapiga gurudumu teke, akavuta pumzi.

"Anasema umeamka alfajiri kila siku, na hujamwibia. Mwanamume anayeweza kumfanyia kazi Bi Widad atakaa na mke yeyote. Posa iko wazi."

Jaha karibu ambusu. Kanze akatoka na mkoba wake, akapanda kiti cha nyuma, akanyoosha mkono mbele.

"Leta nauli ya leo."

"Nauli? Wewe?"

"Bi Widad kaniajiri tangu jana, nikusanye mimi. Haya, mume mtarajiwa. Na ile uliyoficha ndani ya soksi, anza nayo hiyo."