Ukoo Ndio Dhamana Yangu

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimepata biashara! Byarugaba wa Muleba anamalizia vyumba vya kupangisha pale Kagondo, pesa imemwishia. Anataka milioni tatu kwa mwezi mmoja, atarudisha tatu na nusu. Dhamana ni kibanja chake, migomba, mibuni na nyumba ndani. Milioni tatu ninazo. Ni za mabati ya nyumba yetu hapa Ijuganyondo, lakini mvua bado. Kwa faida nitaongeza mifereji.

Jumanne, 5 Agosti
Violeth kaniharibia chai ya asubuhi. Mke wangu anapiga chapa kwa wakili mjini mwaka wa kumi na mbili sasa, basi anajiona jaji. Anasema mkopeshaji halindwi na tabasamu. Nihakikishe kwanza kibanja ni cha nani. Nilete mthamini. Mke wa Byarugaba atie saini kuwa ameridhia. Rehani isajiliwe. Ndipo pesa itoke. Nikapiga hesabu ya ada zote hizo. Faida yangu yote iishie kwenye mihuri? Nitakagua mwenyewe. Macho ninayo mawili na hayadai ada.

Alhamisi, 7 Agosti
Muleba. Kibanja safi! Ndizi zimezidi uzito mpaka migomba imewekewa miti ya kuegemea. Makaburi ya babu zao yamejengewa kwa saruji, dalili ya familia yenye uwezo. Mama yake Byarugaba, Ma Jovina, akanipa kahawa ya kutafuna, akauliza mimi ni wa ukoo gani. Nikataja. Akapiga makofi. Ukoo mmoja, mwiko mmoja!

Hapo nikaona ulinzi ambao mawakili wote wa Bukoba hawana. Nani atamdhulumu ndugu yake? Nikasimama nikatangaza kwamba mimi ni mtoto wa nyumba hii, kwa shida na kwa raha. Nikatoa milioni tatu papo hapo. Byarugaba akaweka dole gumba kwenye karatasi niliyoiandika mwenyewe. Mkewe, Celina, alikuwa anapalilia. Hatukumsumbua.

Jumatatu, 8 Septemba
Mwezi umeisha jana. Byarugaba anasema vyumba havijapata wapangaji. Nimemjibu kwa upole kwamba nauza kibanja. Violeth akauliza nitamuuzia nani shamba lenye makaburi ya watu. Wivu tu.

Jumamosi, 13 Septemba
Kikao cha ukoo, Muleba. Nilivaa koti. Celina akasema hakuulizwa wala hakusaini, na hapo ndipo wanawe wanapokula. Ta Rugambwa, mkuu wa ukoo, akaamua kwamba kibanja cha ukoo hakiendi kwa mtu baki. Kitakombolewa kwa mchango, kila mwana ukoo atoe kwa uwezo wake. Haki! Nikaitikia kwa kichwa kuliko wote.

Kisha akanigeukia.

"Ulisema wewe ni mtoto wa nyumba hii. Na mwenye milioni tatu za kukopesha ndiye mwenye uwezo kutuzidi. Anza wewe."

Ma Jovina akanisogezea kahawa ya kutafuna. Nikaanza. Laki tatu, zilizokuwa za mbao za paa letu. Wengine wakaahidi kutoa wakiuza kahawa ya mwakani. Ta Rugambwa akazihesabu zile laki tatu mara mbili, akanikabidhi kama malipo ya kwanza ya deni langu, akanitaka nisaini kwamba nimepokea. Nimesaini. Nimeanza kulipwa!

Jumapili, 14 Septemba
Mvua tangu alfajiri. Violeth kahamisha kitanda, anakinga maji kwa sufuria tulizopewa kwenye harusi. Roho iliniuma sana, karibu nusu saa.

Baada ya ibada nikakutana na Mutalemwa wa Nyanga. Ana shida ya laki tatu, ataweka kiwanja. Na laki tatu ninazo! Violeth kaanza tena: niende ofisi ya ardhi kwanza. Ya nini? Nimeshauliza la muhimu. Mama yake Mutalemwa ni wa ukoo wetu.