142 857 Mara Saba

Baraka, Jumatatu, tarehe 4 Machi 1957

Nimepewa adhabu kwa kucheka darasani: kugawanya moja kwa saba mpaka iishe. Haiishi! Inatoka 142857, halafu 142857 tena, kama mbuzi anayezunguka kigingi. Mwalimu Alphonse alipita akauliza kama nimefika. Alijua, yule mzee!

Jumanne

Namba hii iko na maajabu. Mara mbili: 285 714. Mara tatu: 428 571. Tarakimu zile zile, zinafuatana vile vile, ila kila mara inatangulia nyingine. Nimejaribu mpaka sita. Majibu yote nimeyashika kwa kichwa.

Jumamosi Mwalimu anapeleka mwanafunzi mmoja Fizi, afanye hesabu mbele ya inspekta. Kila mtu anasema Norbert. Lakini Émilienne yuko Fizi kwa shangazi yake tangu Noeli! Sijawahi kumsalimu. Alipokuwa hapa nilikuwa nikimwona nageuza njia, nakanyaga ndagala, samaki wadogo bamama walioanika, natukanwa.

Jumatano

Nimemwomba Mwalimu: niandike namba yangu kubwa, darasa linichagulie ya kuzidishia, nijibu bila chaki. Moja mpaka sita tu. Akauliza kwa nini sita. Nikasema ni kuheshimu siku sita za kazi ya Mungu. Alikohoa muda mrefu. Amekubali.

Alhamisi

Aibu. Aibu tupu.

Mwanzo ulikuwa mutamu. Albert alitaka mara tano. 714 285! Mwingine mara nne. 571 428! Darasa zima, eeeh! Moyoni nilikuwa nimeshafika Fizi, nimenawa miguu.

Norbert akainua kidole. “Mwalimu, na siku ya saba, Mungu alikufa?”

Walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Mwalimu akasema swali ni la haki: mara saba.

Nikazidisha kichwani. Tisa. Tisa tena. Tisa zote sita, zimejipanga! Hilo ni jibu au ni mchezo wa batoto? Nikaongeza moja, ipate heshima. Nikatamka kwa Kifaransa, kwa sauti: un million!

Norbert akaandika 999 999 ubaoni, polepole, kama anayepaka rangi kanisa. Mwalimu akanihurumia. Eti nilifika mlangoni nikatokea dirishani. Eti mtu aliyegawanya kwa saba siku nzima angeijua saba kama ndugu yake.

Jumapili, tarehe 10

Norbert amerudi kutoka Fizi. Anasimulia bila kuulizwa. Émilienne alimpikia bugali na sombe ya majani ya muhogo, akacheka hesabu zake zote. Hesabu inachekesha wapi?

Nimefikiri misa nzima. Kosa lilikuwa la namba: ndogo mno. Nimepata kubwa, 12 345 679. Mara tisa inatoa 111 111 111! Kwa nyingine sikujaribu, ya nini?

Baada ya Pasaka inspekta atakuja huku mwenyewe, pamoja na Padri na masista. Nitaomba wanizidishie kwa tisa tu. Wakiuliza kwa nini tisa, sababu ninayo tayari: miezi ya mimba. Nitaieleza kwa Kifaransa, taratibu, mwezi mmoja mmoja.