Majogoo Sita kwa Ajili ya Badmintoni

Gonja, Same
11 Juni 1971

Ndugu Mhariri,

Shikamoo, ingawa sijui umri wako. Naandika kwa sababu nikisimama mbele ya watu sauti hunikauka. Tangu nianze shule sijawahi kuchaguliwa katika mchezo wowote. Sasa nimechaguliwa kucheza badmintoni Jumamosi, dhidi ya wasichana wa bondeni, lakini huenda nisicheze kwa kosa la neno moja.

1. Mwalimu wetu wa michezo, Ndugu Hezroni, ni mzalendo. Alipoomba vifaa alikataa maneno ya kikoloni. Raketi akaiita kipigio. Kile kidude chenye manyoya kinachopigwa, shatelikoki, alikitafuta katika kamusi ya Kiingereza, akaona nusu yake ya mwisho ni jogoo. Akaandika: majogoo sita.

2. Ofisi moja, ambayo adabu inanizuia kuitaja, ikatuletea majogoo sita kwa lori, wazima, na hati ya kupokelea. Wanawika kipindi cha hesabu.

3. Nimesoma kwamba mchezo huu ulichezwa Bara Hindi, kisha ukapewa jina la jumba la bwanyenye mmoja wa Uingereza. Tumetaifisha mashamba ya mkonge, lakini bado tunacheza jumba la bwanyenye! Kama mchezo lazima uitwe nyumba, sisi tunayo Nyumba ya Mungu hapa hapa mkoani kwetu, tena ina bwawa.

4. Jogoo havuki wavu. Tumejaribu. Mwenzetu Tumainieli alimrusha mmoja, akatua juu ya wavu, akakaa hapo mpaka kengele ya chakula. Kitabu cha sheria hakisemi pointi ni ya nani.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, neno jogoo lifutwe katika michezo nchi nzima, tuseme kinyoya, kabla ya Jumamosi.

Nisalimie wapiga chapa wako wote, na yule anayesahihisha herufi.

Ni mimi mwanafunzi mtiifu,
Yudith Eliezeri
Kidato cha Pili

N.B. Nilikosa stempu, na leo ni Jumapili. Jana tulicheza. Koleta wa darasani kwetu alichomeka manyoya ya mkia wa jogoo mmoja kwenye gunzi la muhindi. Likaruka vizuri ajabu, nikashinda kumi na moja kwa tisa. Jogoo mwenyewe tulimla pamoja na wageni wetu wa bondeni. Hivyo Ndugu Hezroni alikuwa sahihi, neno lisiguswe. Wamebaki watano, na mechi za mwaka huu ni nane.